Waya alikata fundi, bili ikaja kwangu

Bahasha ililetwa na kijana wa bodaboda Alhamisi jioni, mimi nikiwa njiani natoka kazini. Binti yangu aliipokea, akasaini, akanitumia picha ya ukurasa wa kwanza na swali moja chini yake: "Mama, kwani tumefanya nini?" Matatu ilikuwa imekwama pale Buxton, foleni haisongi. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Shilingi 186,296. Nilipe ndani ya siku saba, la sivyo hatua za kisheria zitafuata bila taarifa nyingine.

Aliyeandika si mtu ninayemjua. Ni wakala wa kukusanya madeni, ofisi yake iko Nairobi, anasema ametumwa na kampuni moja ya mtandao kudai fidia ya kebo ya faiba iliyokatwa mbele ya nyumba yangu, Kisauni, Mombasa, mwezi wa Machi 2024. Barua yaja Septemba. Mimi hata faiba sina. Nyumbani twatumia bando za simu kama watu wengi wa mtaa wetu. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba hawa ni matapeli. La pili: na kama si matapeli, nitauza nini?

Niseme mapema, kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza: sikulipa hizo 186,296, wala sikukataa kulipa. Nililipa 26,200. Zilipita wiki saba, na usiku mwingi wa wiki hizo sikulala vizuri.

Lililonitia aibu ni kwamba kazi yangu ni kliaringi, kuwatolea watu mizigo bandarini. Mwaka wa kumi na tisa sasa nashinda na ankra za watu: storeji, demareji (tozo la kuchelewesha kontena), ushuru wa gatini. Mteja akiletewa bili ya kontena lililochelewa kutoka bandarini, mimi ndiye ninayekaa nayo mstari kwa mstari na kalamu nyekundu, nauliza hii siku ya tano imeingiaje na meli ilishusha lini. Lakini bili ilipokuja na jina langu juu, kalamu nyekundu sikuiona. Usiku ule nilikuwa nahesabu pesa za chama na bangili mbili nilizoachiwa na marehemu mama. Mganga hajigangi.

Turudi Machi. Maji yetu ya Kisauni hutoka Baricho, kule mto Sabaki, na yakitufikia hutufikia kwa zamu. Zamu ikipita, ni kungoja watu wa mikokoteni na mitungi yao. Bomba langu, lile linalotoka laini kubwa kando ya barabara ya mtaa hadi getini, lilikuwa la chuma cha zamani na limeoza. Kila maji yakifunguliwa, nusu yalibubujika njiani, watoto wakacheza humo. Nikamwita fundi wetu wa miaka yote, yule aliyetufungia mfereji wa kwanza wa nyumba hii watoto wangu wakiwa wangali wadogo. Akaja na vijana wawili, sururu, mtaimbo na bomba jipya la plastiki. Siku mbili. Nilimpa 14,000, vifaa na ufundi. Jumamosi alfajiri maji yakaja kwa nguvu hata mfereji ukapiga kelele, nami nikamwombea fundi dua. Hakuna aliyeniambia jambo lolote.

Kwanza uielewe ardhi yetu. Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Ukiondoa udongo kidogo wa juu, sururu inagonga jiwe na kukurudi mikononi. Kwa hiyo kila mwenye kupitisha kitu chini ya ardhi, awe wa maji, wa stima au wa faiba, hushawishika kukipitisha juujuu, afukie, yaliyobaki amwachie Mungu. Mahali pa jiwe kebo yafaa ichimbiwe ndani ya jiwe lenyewe, au ivishwe bomba la chuma, au imwagiwe zege. Na juu yake hutandazwa utepe wa rangi kali, ili anayechimba aukute utepe kabla hajaikuta kebo. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua bomba linavuja, basi.

Jambo la kwanza nililofanya sawa, na nadhani ni kazi iliyonifundisha, ni kutopiga ile namba iliyokuwa kwenye barua. Ofisini tumeshaona ankra za bandia: nembo sahihi, akaunti ya mwizi. Nilitafuta namba ya kampuni yenyewe nikauliza ofisi yao iko wapi, na Jumatatu nikaomba ruhusa ya saa moja nikaenda kwa miguu. Dada wa kaunta akaingiza namba ya faili kwenye kompyuta, akangoja, akanitazama kwa huruma. "Ipo, mama. Imepelekwa kwa wakala." Basi si matapeli. Nilitoka pale miguu mizito, nikanunua kahawa tungu kwa mzee wa dele aliyekuwa nje, nikaimaliza nimesimama juani.

Jioni ileile wakala akapiga mwenyewe. Kijana, sauti laini, Kiswahili cha bara kilichopigwa pasi.

"Habari yako mama. Barua yetu ulipata?"

"Nimeipata."

"Sasa tusaidiane. Wewe niambie tu, mlichimba ama hamkuchimba?"

Neno lililokuwa mdomoni mwangu ni "samahani". Ndivyo tulivyolelewa, mtu akija na lalamiko waanza na samahani, kisha ndipo mwazungumza. Lakini simu ya mdai si baraza la nyumbani, na samahani ya kwenye simu huenda ikaandikwa kwenye faili kwamba nimekiri. "Nitakujibu kwa maandishi, mwanangu." Akaniambia nikichelewa jina langu litapelekwa CRB, kule wanakoorodheshwa wasiolipa mikopo. "Nitakujibu kwa maandishi." Akasema anaweza kunipunguzia asilimia kumi nikilipa kesho. Hapo nusura. Asilimia kumi ya deni lile ni zaidi ya elfu kumi na nane, na mtu mwenye hofu huliona punguzo kama zawadi hata kabla hajajua adaiwa kweli kiasi gani. Nikarudia maneno yangu yaleyale mara ya tatu, nikakata.

CRB ni ya mikopo, kwa taarifa yako. Fidia inayobishaniwa si mkopo. Lakini herufi hizo tatu zimeshatutia Wakenya homa, nao wanalijua hilo.

Fundi nilimkuta Kongowea, nje ya duka la hadiwea, anakula viazi karai kwenye kipande cha gazeti. Tukasalimiana, nikamuuliza habari za watoto, kisha nikamwonyesha barua. Kusoma hasomi sana, lakini tarakimu alizisoma. Akaacha kutafuna.

"Bi mkubwa, mimi kebo siijui."

"Fundi."

Akafuta mikono kwa gazeti taratibu, kidole kimoja kimoja. Nikamwacha. Mikokoteni mitatu ya vitunguu ilipita kati yetu na barabara.

"Palikuwa na uzi," akasema mwishowe. "Mweusi, mnene hivi," akaninyoshea kidole gumba. "Kijana aliupiga mtaimbo siku ya kwanza. Nalitazama ndani sikuona shaba. Wallahi Bi mkubwa, waya usio na shaba nalidhani umekufa zamani."

"Ukafanya nini?"

"Naliufunga."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa tepu."

Tepu nyeusi, ile ya mafundi wa stima. Ndani ya faiba mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga. Zikikatika huwezi kuzikutanisha kwa tepu kama mpira wa kumwagilia maua. Lakini fundi aliizungusha tepu yake vizuri sana, mizunguko mingi, iliyobana, kama afanyavyo kazi zake zote. Kisha akafukia, akanifungulia maji, akaja kuchukua pesa yake uso mkunjufu. Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka machozi, naye akanitazama hajui acheke ama akimbie.

Sasa nilikuwa nalijua jambo ambalo ningestarehe zaidi kutolijua: kebo tuliikata sisi. Kabla ya viazi karai vile ningeweza kuandika kwa roho safi kwamba sina habari. Nilikaa na hilo siku mbili. Wenzangu ofisini walinishauri nikane. Nani alikuona, wao ndio walete ushahidi. Siwalaumu. Ila mimi nakumbuka Februari 2012, nanga ya meli ilipoikata kebo ya TEAMS chini ya bahari hapahapa nje ya bandari yetu, ile iliyotandazwa kutoka Fujairah na kufika Mombasa mwaka 2009. Mtandao ulilegea nchi nzima hadi kwa majirani. Tulikaa ofisini tukitazama skrini inazunguka, wateja wanafoka kwenye simu, na kila mmoja wetu alikuwa na maneno makali kumhusu nahodha yule. Sasa nahodha ni mimi, na nanga yangu ni mtaimbo.

Lakini kukubali kuwa umekata si kukubali 186,296. Hapo ndipo kalamu nyekundu iliponirudia.

Ukurasa wa pili, ambao kwa hofu sikuwa hata nimeusoma, ulikuwa na mistari saba. Kebo mita 150, shilingi 27,000. Maboksi mawili ya kuungia, 19,000. Kuunganisha nyuzi 48, kila moja ncha mbili, 48,000. Usafiri wa dharura wa usiku, 12,000. Hasara ya huduma, 40,000. Gharama za usimamizi, asilimia kumi. Na VAT, asilimia kumi na sita juu ya vyote. Hapakuwa na saa ya tukio, hapakuwa na picha, hapakuwa na jina la aliyetengeneza.

Mita 150! Mtaro wangu wote, kutoka laini kubwa hadi getini, haufiki mita kumi na mbili. Nilijua kwamba kebo iliyokatika haiungwi tu pale ilipokatika. Huwekwa kipande kipya na kuungwa huku na huku. Lakini kipande hicho kingefika karibu na shule.

Ushahidi niliupata kwa jirani anayeuza bajia na viazi kwenye pembe ya mtaa. Nilimuuliza tu kama anakumbuka mafundi wa nyaya. "Nitaacha kuwakumbuka, dada? Walitandika turubai yao mbele ya meza yangu, wakanifukuzia wateja." Tena alikuwa amewapiga picha, si kwa nia ya ushahidi, ila kwa kuwa zile nyuzi zilimpendeza, alidhani ni za kushonea. Picha ikiwa bado ndani ya simu yake, tarehe na saa zikiwepo: saa kumi na dakika kumi alasiri. Usafiri wa usiku ulikufa hapo.

Mtoto wa kaka yangu hufanya kazi ya kuunga faiba, na kampuni tofauti na hii. Nilimtumia picha, akaja mwenyewe jioni, akaikuza hadi ikawa madoadoa. Kebo imechunwa ganda, ndani mna vijibomba viwili vyeupe, na nyuzi zimetawanywa kwenye turubai kama nywele za mwanasesere.

"Shangazi, hii ni ya ishirini na nne."

"Umezihesabu?"

"Sina haja. Kijibomba kimoja hubeba kumi na mbili." Akanitajia rangi huku akigusa skrini kwa ukucha: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, zambarau, waridi, na ya mwisho samawati ya maji. Utaratibu ni huo, ndio unaomwezesha fundi wa upande huu na wa upande ule kuunga uzi uleule bila kuonana. "Vijibomba ni viwili. Nani aliyewaambia arobaini na nane?"

Kisha akaniambia nitazame chini ya picha, ambapo mimi sikuwa nimetazama. Fundi mmoja alikuwa amesimama ndani ya mtaro na gambuti zake. Kebo ilitokeza ukingoni, na kutoka usawa wa barabara hadi ilipo hapakufika nusu ya gambuti. Hakuna utepe wa kuonya, hakuna bomba la kuikinga, hakuna zege. Imelazwa juu ya jiwe na kufunikwa vumbi.

Wakili nilimlipa 3,000 kwa nusu saa, ofisini kwake karibu na mahakama za Nkrumah Road, na mwaka ule sikutumia pesa vizuri kuliko hiyo. Sikumwajiri anisimamie. Nilimwomba anisomee barua na anieleze nimesimama wapi. Alianza na jambo ambalo nilitamani asingelisema: nisitegemee kimya. Dai la uzembe la namna hii lina miaka mitatu ya kufikishwa mahakamani, kwa hiyo kuitia bahasha kabatini hakutalifuta. La pili lilinipa pumzi. Anayedai hasara ya pesa alizotumia, mahakama zetu humtaka aitaje kwa tarakimu na aithibitishe kwa karatasi, shilingi kwa shilingi. Kuandika tu "hasara ya huduma, 40,000" hakutoshi. Na dai lisilozidi milioni moja laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu anaweza kujisimamia mwenyewe na uamuzi hutakiwa utoke ndani ya siku 60. Ile "hatua ya kisheria" iliyonitisha kwenye matatu ndiyo mahali ambapo wao wangetakiwa kuleta karatasi wasizonazo.

Akaongeza kwamba naweza hata kuhoji kama dai ni langu. Fundi ni mtu wa kujitegemea, alikuja na vifaa vyake na akachimba kwa akili yake, na mara nyingi sheria humbebesha yeye makosa ya mikono yake. Nilifikiri njiani kurudi. Fundi ana watoto watano na mtaimbo. Kumwelekezea wakala kidole ni kumtupa baharini. Tena, mimi mwenyewe sikuwa msafi: kuchimba kwenye hifadhi ya barabara kwataka kibali cha kaunti, na kibali sikuwa nacho. Mtaani kwetu hakuna akichukuaye, lakini "hakuna akichukuaye" si neno la kumwambia hakimu.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaweka juu yake maneno aliyonipa wakili, "bila kuathiri haki zangu", yaani ninalojitolea kwa ajili ya maelewano lisije likatumiwa kesho dhidi yangu. Sikukana, sikukiri. Nilisema niko tayari kuzungumza, ila kwanza wanipe barua ya kampuni inayomruhusu wakala kudai kwa niaba yake, kadi ya kazi ya siku ile yenye saa na majina, picha za mahali, ankra ya kontrakta aliyetengeneza pamoja na ushahidi kwamba alilipwa, na mchoro unaoonyesha kebo ilipita wapi, kwa kina gani na kwa kibali gani. Nakala nikaipeleka kwa kampuni yenyewe, nikagongewa muhuri wa kupokelewa.

Simu za kila jioni zilikoma siku ileile. Karatasi zilichukua siku kumi na tisa.

Zilipokuja hazikuwa zote, na yasiyokuwepo yalisema mengi. Mchoro haukuwepo. Kina hakikutajwa popote. Kadi ya kazi ilikuwepo, imejazwa kwa kalamu ya bluu na mtu mwenye haraka: kebo ya nyuzi 24, mita 30, maboksi mawili, kazi imeanza saa tisa na kumalizika saa kumi na moja na nusu. Na kwenye nafasi ya maelezo, mstari mmoja ulionifanya nifumbe macho: mahali pa kukatika palikutwa pamefungwa tepu nyeusi. Kumbe wamelijua tangu Machi. Ningekana kwa maandishi, mstari ule ungesomwa mbele yangu.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi kuliko nilivyoogopa, labda kwa sababu wakala alipitisha faili kwa mama mmoja wa kampuni aliyejua kazi yake. Tulikwenda mstari kwa mstari kwenye simu, mimi na kadi ya kazi mkononi. Kebo mita 30, 5,400. Maboksi sikubishana, 19,000. Nyuzi 24 badala ya 48, kwa hiyo 24,000. Usafiri, mchana, kutoka ndani ya Mombasa hiihii, tukakubaliana 4,000. Hasara ya huduma akaiacha mwenyewe nilipomwomba hesabu yake. Gharama za usimamizi nikamwambia sikumwajiri wakala mimi. VAT nilikuwa nimemuuliza mhasibu wa ofisini kwetu, naye akacheka: "Hao wamesajiliwa. Kodi waliyotozwa na kontrakta wao wamekwisha kuidai serikalini kwenye ritani. Wataka uwalipie mara ya pili?" Hilo nililisema kwa adabu zaidi. Ikabaki 52,400.

Kisha nikamtumia picha ya gambuti. Akanyamaza kidogo. "Hiyo kweli haiko sawa," akasema. Hiyo ndiyo kauli iliyokuwa na thamani kuliko kurasa zote. Nikasema nami sikuwa na kibali cha kuchimba, hilo silifichi. Tugawane nusu. 26,200.

Nilikataa kulipa kwenye namba ya wakala. Nililipa kwenye akaunti ya kampuni, na si kabla ya kuletewa barua yao inayotaja namba ya faili, kiasi, na maneno "malipo kamili na ya mwisho". Mwenzangu mmoja aliniona msumbufu: pesa umeshakubali kutoa, barua ya nini tena? Kliaringi imenifunza kwamba kontena halitoki kwa maneno ya mdomo.

Fundi nilimtoza elfu kumi. Wapo wanaosema nilimwonea, na wapo wanaosema ningemtoza yote. Hakuwa na kosa la kukata. Jiwe ni jiwe na kebo ilikuwa imelala kama mkeka. Kosa lake lilikuwa tepu. Angeniita ile asubuhi, ningepiga simu, wangekuja, na pengine tungemaliza kwa mazungumzo ya barazani. Alilipa mia tano kila Ijumaa kwa wiki ishirini, akipita baada ya swala, na hakuruka hata moja.

Bado namwita yeye. Tumechimba tena mara moja tangu hapo, karo la choo lilipojaa. Safari hii alianza kwa vishimo viwili vidogo vya kupima, kwa mkono, bila mtaimbo, na akaenda kutazama pande zote mbili za barabara kama kuna nguzo fupi za alama au vifuniko vya zege. Nilipiga picha mtaro ukiwa wazi, kabla udongo haujarudi. Tuna karatasi ya nusu ukurasa, yake na yangu, inayosema akigusa kitu chochote asichokijua anasimama na kuniita, na hatakatwa pesa kwa kusimama. Hilo la mwisho ndilo alilolisoma mara mbili. Kibali cha kaunti nacho nilikichukua, nikazungushwa madirisha manne kabla ya kupata muhuri, kwa hiyo naelewa kwa nini mtaa mzima hauchukui.

Mwezi wa Januari wakala alipiga tena. Sauti nyingine, ya binti, lakini namba ileile ya faili.

"Habari mama. Ni kuhusu salio lako la shilingi 160,096."

Nikamwambia angoje kidogo. Nilikuwa jikoni, mikono ina unga wa mahamri. Nikanawa, nikafungua mkebe wa biskuti tunamoweka hati ya nyumba na vyeti vya watoto, nikaipiga picha ile barua, muhuri wake ukionekana, nikamtumia. Alama mbili zikageuka buluu. Zikapita dakika tano, kumi. Mahamri ya kwanza yalikuwa yameshaumuka kwenye mafuta alipoandika: "Tumeona mama. Faili halikuwa limefungwa."